Lori Lenye Dhamana Halitembei

Uvumilivu wangu uliisha siku nilipokutana na lori jipya la kijiji chetu likivutwa na maksai wanane.

Nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, mwanangu wa miezi minane mgongoni, mguu wake wa kushoto umefungwa plasta ngumu iliyokwisha kupasuka kisiginoni. Kwanza nilisikia mijeledi na kelele za kuswaga ng'ombe. Nikasogea pembeni nikijua ni mkokoteni. Likatokea lori. Tani saba, rangi ya bluu, vioo vinang'aa, viti bado vina nailoni ya kiwandani. Mbele yake jozi nne za maksai, ndimi nje, minyororo ya plau imefungwa kwenye bampa. Nyuma yake wanaume sita wanasukuma. Juu yake magunia kumi na mawili ya mtama, mzigo ambao mkokoteni mmoja na jozi mbili za maksai hao hao wangeumaliza bila kuhema. Injini imezimwa. Na kwenye usukani, kofia kichwani, ameshika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika pembe za dume, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia ni baba mzazi wa mume wangu.

Kwetu mwanamke hapandishi sauti mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye mkeka mmoja, na akiwa na shida naye humpitishia mama mkwe, au huziambia kuta naye akasikia. Kwa miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeongea sana na kuta. Siku hiyo nilitua ndoo katikati ya njia. Maksai wakasimama, wao wana akili. Nikapiga goti kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ondoa ndoo."

"Siondoi. Wewe shuka."

Wale sita waliacha kusukuma. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa miongoni mwao, alisema kwa Kinyaturu neno ambalo siliandiki hapa.

Ili mtu aelewe ni kitu gani kilimfanya mwanamke aliyesoma hadi kidato cha nne amwamuru mkwe wake ashuke garini mbele ya ng'ombe, lazima nirudi nyuma nieleze habari ya dhamana. Na nianze na ukweli unaonichoma: siku kijiji kilipopiga kura kuinunua dhamana hiyo, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu.

Mwanangu alizaliwa na mguu uliopinda kwa ndani, unyayo unautazama mguu mwenzake. Mama mkwe alisema si kitu, kila mtu ana mwendo wake. Wengine walisema nilikanyaga kitu nikiwa na mimba, lakini hawakusema nilikanyaga nini, maana hawakujua. Sista wa hospitali ya misheni, mwanamke mfupi mwenye mikono ya seremala, ndiye peke yake aliyeushika ule mguu na kuuangalia.

"Mfupa bado mbichi," aliniambia. "Kila Alhamisi unamleta, nanyoosha kidogo, nafunga plasta. Ukikosa wiki, mguu unarudi ulikotoka. Akianza kuusimamia ukiwa hivi, mimi siwezi tena. Hapo ni kisu, na mwenye kisu hicho yuko Dar es Salaam."

Kutoka kijijini kwetu hadi hospitali ni maili ishirini na tatu. Baba wa mtoto yuko Itigi kwenye kazi ya reli, anakuja mwisho wa mwezi na mikate miwili na maneno mazuri. Kwa hiyo Alhamisi zilikuwa zangu. Mwezi wa pili nilipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa vitunguu. Likafa njiani. Tukalala hapo siku mbili, dereva akipuliza mpira mmoja baada ya mwingine kama anayepiga filimbi, mvua ikatunyeshea juu ya vitunguu, na plasta ya mtoto ikalainika ikawa uji. Nilipofika, sista alikivua kile kilichobaki akaniambia tunaanza upya.

Basi nilipokuwa nasikia neno "lori", sikuwa nawaza mazao wala maendeleo. Nilikuwa nawaza lori lisilokufa.

Ndiyo maana kijiji kilipopata lori lake, kwa jasho la shamba la ujamaa la misimu miwili na asali ya wazee, nilifurahi kuliko waliolima. Kabla halijaletwa, kampuni ilimtuma afisa wake wa mauzo aje kutueleza mambo ya karatasi. Alikuja amevaa suti ya Kaunda na viatu ambavyo kwa vumbi letu ilikuwa ni kuvionea tu. Wanakijiji walikusanyika, wanaume mbele, sisi nyuma, nami pembeni ya meza na daftari, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu za Halmashauri ya Kijiji. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu najua Kiingereza, na pia kwa sababu hakuna mwanaume aliyetaka kukaa kimya mkutano mzima.

Afisa alieleza kwamba lori linakuja na dhamana ya bure ya miezi sita. Lakini kijiji kikiongeza fedha kidogo, bei ya maksai wanne hivi, kitapata dhamana ya nyongeza, miaka miwili kamili.

"Ndani ya miaka hiyo miwili," alisema, "kikifa kitu chochote ndani ya gari, hicho ni kifo chetu sisi wenye kampuni. Si kifo chenu."

Wazee walitazamana. Hapo hakuwa amewaambia jambo geni, alikuwa amewaambia jambo lao wenyewe. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Huwagawa kwa jamaa na marafiki wamtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa, hupata samadi, lakini ng'ombe si wake. Akifa, kifo ni cha mwenyewe. Mtunzaji anachodaiwa ni kimoja tu: apeleke ngozi, mwenyewe aione alama yake, ajue kwamba mnyama alikufa kweli, hakuuzwa mnadani.

Mzee mmoja akauliza ndama atakuwa wa nani. Afisa akasema lori halizai. Mzee akasema anajua halizai, yeye si mjinga, anauliza ili iandikwe. Nikaandika. Kisha mkwe wangu akasimama akauliza swali lililotumaliza: je, kitu kikifa ndani ya lori, kampuni itajuaje kwamba kimekufa kweli?

"Mnatuletea kile kifaa kibovu," afisa akajibu. "Bila kukiona hatutoi kipya."

Mkutano wote ulinong'ona kwa kuridhika. Mkwe akawageukia wenzake. "Hawa ni watu wa heshima," alisema. "Wanadai ngozi."

Kuanzia hapo ungeweza kuwasomea sala ya wafu, wangeitikia. Mimi nilikabidhiwa karatasi ya masharti, Kiingereza cha herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikaitafsiri kwa sauti. Sharti la kwanza, lori lisifunguliwe na fundi yeyote asiye wa kampuni. La pili, lisibebeshwe kupita kiasi. La tatu sikumbuki. La nne, lifanyiwe sevisi ya kwanza kwenye gereji ya kampuni, Dodoma, kabla ya kuzidi maili mia tano, la sivyo dhamana inakufa. Nalisoma sharti la nne, mtoto analia, plasta mpya inambana. Nikamtazama mguu. Nikalikumbuka lori la vitunguu. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Katika mtihani wa kidato cha nne nilifaulu hesabu vizuri sana. Cheti ninacho, kiko ndani ya sanduku, sijui kinafanya nini humo.

Lori lilifika mwisho wa mwezi wa tatu. Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wakakimbia. Mkwe akafungua mlango wa dereva kwa adabu kama anayebisha hodi kwa padri, akaniita nimsomee namba zilizokuwa kwenye mita ya maili. Nikasoma: mia nne hamsini na sita.

Ndipo ubongo wangu ulipoamka, kwa kuchelewa, kama kawaida ya ubongo. Nikamuuliza dereva wetu wa kuajiriwa alipitia wapi. Dar es Salaam, Dodoma, kisha huku. Na Dodoma hakuingia gereji ya kampuni? Aliingia. Wakati huo mita ilisoma mia mbili themanini na tano, na fundi wa pale alimwambia lori bado changa mno, lirudishwe likikaribia mia tano. Kutoka Dodoma hadi kwetu ni maili mia moja sabini na moja. Nikachuchumaa nikaandika vumbini kwa kijiti, ili nisikosee tena.

"Baba," nikasema, nikiwa nalitazama gurudumu na si yeye, "zimebaki maili arobaini na nne. Na Dodoma ni mia moja sabini na moja."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyeiweka Dodoma mbali.

Halmashauri ikakutana. Ikaandikwa barua kwa kampuni, mwandishi ni mimi, kuomba fundi aje na muhuri wake afanye sevisi hapa hapa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limechapwa vizuri. Lilisema ombi limekubaliwa na fundi atakuja kijijini mara tu atakapopata usafiri.

Dereva alicheka hadi akakaa chini. "Fundi wa malori," alikuwa akirudia, "kampuni ya malori, hana usafiri." Mwenyekiti akamwambia anyamaze, hao ni wageni wetu watarajiwa.

Lori likajengewa banda la miti na nyasi. Zahanati yetu wakati huo ilikuwa na kuta tatu. Likawekewa mlinzi. Mama mkwe akaombwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe cha kufunikia redio, kikatandikwa kwenye dashibodi kuzuia vumbi. Watoto wa shule walikatazwa kulishika. Watu walipokuwa wakipita karibu na banda walikuwa wakishusha sauti.

Sasa sikiliza ubaya wa hesabu ile ya ng'ombe wa kutunziwa. Ina nusu ya pili, na wazee wanaijua kuliko ya kwanza. Mtunzaji hamchinji ng'ombe wa watu, hamkopeshi, hampi dawa ya kubahatisha. Anaweza kufa njaa pembeni yake, na watu wakamsifu kwenye matanga. Kijiji chetu kilinunua lori kwa jasho lake, kisha kikalipa maksai wanne zaidi ili lisiwe letu.

Nilipeleka ombi kwa njia ya adabu, yaani kwa mama mkwe jikoni: Alhamisi moja tu, lori linipeleke mimi na mtoto. Halmashauri ikalijadili ombi langu nami nikiwa nimekaa pale pale nikiandika. Kwenda na kurudi ni maili arobaini na sita, zilizobaki ni arobaini na nne, zinazidi mbili. Nikasema nitashuka maili moja kabla, nitatembea. Walikubali kwamba hesabu hiyo ni sahihi, kisha balozi akauliza, fundi akija atalijaribu lori kwa maili zipi? Mwingine akatoa wazo kwamba mtoto apewe haki ya maili kumi kwenda na kumi kurudi, zinazobaki ziwekwe kwa ajili ya dharura.

"Dharura gani?" nikauliza.

"Ya lori," akajibu, wala hakutania.

Ombi likakataliwa. Nilikuandika kukataliwa huko kwa mwandiko mzuri.

Nikatembea. Jumatano asubuhi naondoka, njiani naomba pa kulala kwa watu, Alhamisi nafika, Ijumaa niko njiani tena. Mvua ikitishia navua kanga yangu ya juu naifunga kwenye plasta, mimi naloa. Nilifanya hivyo wiki tano. Na mguu ukakubali. Unyayo uliokuwa ukitazama pembeni ulianza kutazama chini, kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka. Sista alisema bado plasta tano, labda sita, kisha viatu.

Hapo mavuno yakafika, na ruhusa zote za kutoka kijijini zikasimamishwa. Kila mkono shambani, asiyeonekana anafutiwa siku zake za kazi. Nikamtuma mama mkwe. Akarudi na jibu kwamba nivumilie, mtama ukiisha tutaona. Nilivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili plasta ilianza kumbana, maana mtoto anakua na plasta haikui. Wiki ya tatu ikapasuka kisigino.

Niseme haki: mkwe wangu si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtoto huyu anampenda kuliko wajukuu wake wote. Baada ya mvua ile ya vitunguu, sista alipokubali kuanza upya, alimpelekea mbuzi wa shukrani, akimvuta mwenyewe kwa kamba. Jioni humpakata mwanangu nje ya nyumba na kuigonga plasta kwa kidole, ko ko ko, kama anayebisha mlango, na mtoto hucheka. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Wakati mimi niko shambani nakata mtama, wazee walikuwa na tatizo lao: mtama ule utafikaje ghalani? Mkokoteni wa kijiji ulikuwepo, lakini mwenyekiti aliona ni aibu kijiji chenye lori kubeba mazao kwa mkokoteni mbele ya wageni wa wilaya waliotegemewa kupita. Ndipo mzee mmoja akaja na hekima. Maili, alisema, zinatoka kwenye petroli. Injini ikinywa petroli inatoa maili, kama vile ng'ombe akinywa maji akatoa maziwa. Lori likivutwa bila petroli, maili zitatoka wapi?

Dereva aliwaambia si hivyo. Wakamuuliza yeye ni mwanachama wa kijiji au ni mwajiriwa. Akawakabidhi ufunguo akaenda kulala kwake. Aliniambia baadaye kwamba asingeweza kukaa kwenye usukani huku makalio ya ng'ombe yanamtazama. Hivyo mwenyekiti akashika usukani mwenyewe, na kwa siku tisa mfululizo, safari moja kwa siku, lori likavutwa kwenda shamba la ujamaa na kurudi. Kwenda na kurudi ni maili tano na ushei. Mimi nilikuwa nikivuna upande wa pili wa shamba. Habari hiyo nilikuwa nimeisikia kwa wanawake, nikadhani ni mzaha wa kupunguza jua.

Siku ya tisa nilipewa zamu ya maji, na ndipo tukakutana njiani.

Alishuka. Nadhani ni mshangao uliomshusha. Nami nikapanda, mtoto mgongoni, nikakaa juu ya nailoni, nikainua kitambaa cha kufuma. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kukitazama hicho kitu kilichomshinda thamani mwanangu.

Mia tano na moja.

Nikasoma kwa sauti. Mkwe alipanda upande wa pili, akakaa karibu nami kuliko mila inavyoruhusu, akaweka kidole juu ya kioo, akafuata namba moja moja. Anazijua. Yuko kwenye darasa langu la elimu ya watu wazima, kiti cha mbele, hakosi kipindi.

"Hii si inahesabu injini?" aliniuliza polepole.

"Inahesabu magurudumu, baba."

Chini, balozi akasema ng'ombe wametumaliza. Mmoja wa wasukumaji akauliza kama likirudishwa kinyumenyume namba zitapungua. Walianza kubishana juu ya hilo kweli kweli, na wawili walikwisha kwenda kugeuza maksai.

Naungama kwamba mimi nilikuwa na furaha. Mwilini nilihisi wepesi, kama niliyetua mzigo wa kuni. Dhamana imekufa. Hakuna tena cha kulinda. Nikasema hapo hapo garini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu na baba yake: basi, baba, Alhamisi hii lori litupeleke hospitali. Hakusema hapana. Alisema Halmashauri itakaa.

Ilikaa jioni ile, jua halijazama. Walizungumza kwa huzuni kama watu waliotoka kuzika. Mwenyekiti ndiye aliyefunga hoja, nami nimeinakili neno kwa neno, maana ndiyo kazi yangu.

"Ndugu wajumbe, kwanza tulikuwa tunaogopa kuiua dhamana. Sasa haipo. Kuanzia leo kikifa kitu ndani ya lori hili, hicho ni kifo chetu sisi wenyewe. Kwa hiyo inatupasa kulitunza maradufu. Lori lirudi bandani, lisitoke mpaka itakapoamuliwa vingine."

Waliokubali, wote. Nikaandika: wote.

Nilirudi nyumbani nikamnyonyesha mtoto, nikakata karatasi mbili katikati ya daftari la kumbukumbu. Malalamiko ya mwanakijiji huenda wilayani, lakini kwa utaratibu lazima yapitie kwa mwenyekiti na yagongwe muhuri wake. Mdomo wangu unafungwa na ukwe, kalamu haina mkwe. Kwenye karatasi yeye ni Ndugu Mwenyekiti.

Asubuhi nilimkuta nje, nikapiga goti, nikamsalimia, nikampa kwa mikono miwili. Aliisoma yote. Alisoma kama nilivyomfundisha, silabi kwa silabi, midomo ikitembea, na ilichukua muda mrefu sana. Mimi niligeukia upande wa zizi kama inavyompasa mkwe. Mara moja tu aliniuliza kitu.

"Hili neno, 'uzembe'. Tulishalisoma darasani?"

"Bado, baba."

"Maana yake?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na muhuri na kile kikopo cha wino, akaipuliza chapa mpaka ikakauka. Kisha akanirudishia, naye kwa mikono miwili. Kabla sijaondoka nikaongeza mistari ya mwisho juu ya muhuri wake, palipobaki nafasi. Niliipeleka wilayani kwa mkono wangu, kwa miguu, bila ruhusa ya mtu. Nakala niliyobaki nayo inasema hivi:

Kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya,
kupitia kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

Kuhusu: Lori la kijiji kutotembea likiwa zima

Ndugu Mkurugenzi,

Naleta malalamiko rasmi dhidi ya Halmashauri ya Kijiji chetu kwa uzembe. Mimi ndiye mwandishi wake wa kumbukumbu na niliunga mkono ununuzi wa dhamana ya nyongeza bila kufikiri, kwa hiyo najilalamikia na mimi.

Kijiji kina lori jipya. Halina kasoro. Tangu lifike, injini yake haijafanya kazi hata siku moja. Kwanza lilizuiwa kwa sababu lina dhamana. Sasa limezuiwa kwa sababu halina. Nimeambatanisha maamuzi yote mawili, yameandikwa kwa mkono wangu, uone kwamba sikuongeza neno.

Nina mtoto anayenyooshwa mguu katika hospitali ya misheni, maili ishirini na tatu kutoka hapa. Anatakiwa kufika huko kila Alhamisi. Amekosa Alhamisi tatu kwa sababu ruhusa zilifungwa, na plasta imepasuka. Mguu umeanza kurudi ndani. Najua kwa kuupima na kiganja changu kila asubuhi. Nyumba kumi zetu zina wanawake wawili wajawazito na mzee mmoja asiyeona ambao nao wangepanda lori hilo hilo, lakini wao wameniomba nisiwaandike, kwa hiyo siwaandiki majina.

Naomba ofisi yako iamuru mambo mawili. Lori lipeleke wagonjwa hospitali kila Alhamisi kuanzia wiki hii. Na dereva arudishiwe ufunguo wake.

Likifa njiani, litengenezwe na fundi yeyote aliye karibu. Niko tayari kulisukuma.

Mwenyekiti ameisoma barua hii mwenyewe hadi mwisho, na muhuri wake ni huo hapo chini. Hakunizuia. Naomba hilo lihesabiwe upande wake.

Naomba pia jibu lisisubiri kikao. Mtoto ameanza kushika ukingo wa kiti na kujivuta juu. Jana alijaribu mara mbili. Leo, kabla sijaondoka kuileta barua hii, alisimama.

Mimi, mama yake.